Mama, Mbona Umekonda?

Mfyuu! Niacheni nisonye kwanza, maneno yatafuata.

Jana jioni kapita hapa benchini kwetu yule mama wa viazi, katoka sokoni Mwanjelwa anarudi kwao Ilomba kwa miguu. Tangu mvua zikatike ameachana na bajaji, anatembea kwenda na kurudi. Kiuno kimeanza kuonekana, pumzi haimkatiki tena akiongea. Mmoja wetu hapa, na anajijua, akapaza sauti: "Mama, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?" Benchi zima likacheka. Mama akavuta khanga akajifunika mabega, hakujibu. Leo asubuhi kapita ndani ya bajaji.

Ebo! Mnajua mlichomwambia? Huku kwetu "umekonda" si neno la mizani. Mbeya na Iringa tumezika sana. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Sisi tuliokulia miaka ya 1990 tulifundishwa na misiba kumsoma mtu mashavu: akipungua, majirani wanaanza kunong'ona. Leo watu wanameza dawa zao, wananawiri, wanalea wajukuu, lakini macho yetu yamegoma kutoka kule. Ndiyo maana mtu anaona heri alemewe na mwili kuliko asemwe.

Na mwili unalemea kweli, jamani. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta kati ya kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49 nchini, 28 walikuwa wamezidi uzito. Presha inayokuja na uzito huo haimkondeshi mtu, basi hatuisemi. Tunakuja kuisema siku kiharusi kimeshamlaza.

Halafu wale wa chai za kukata tumbo, wanaopita na spika mchana kutwa. Mfyuu! Nyingi ya chai hizo ni majani ya kuharisha tu: maji yanatoka, mafuta yanabaki pale pale. Kushinda na njaa nako ni hivyo hivyo. Wiki mbili mtu hagusi wali, ya tatu anamaliza chipsi mayai sahani mbili, na uzito unarudi umeongozana na mwenzake.

Mimi nina dada Iringa, anakaa Ipogolo kule bondeni. Hajawahi kujinyima. Alichofanya ni kupandisha ule mlima kwenda mjini kwa miguu, mzigo ukiwa mzito ndiyo anampa wa bodaboda. Sembe aliiacha, anasagisha dona. Tonge lake kwa maharage na mnavu linamshikilia hadi jioni, maandazi ya saa nne hayakumbuki. Soda anakunywa harusini. Ulanzi anakunywa kifuku, ukiwa mtamu, kikombe kimoja na mazungumzo marefu. Uzito ulishuka taratibu mno, mwaka wa kwanza hata mumewe hakuona. Huu ni wa tatu na haujarudi.

Lakini nilipomuuliza aliwezaje, hakutaja dona wala mlima. Alinitajia majirani zake watatu. Mwanzo alitembea peke yake, na maneno yakaanza, kama haya yenu. Akawagongea milango, akawaambia tuongozane. Wanawake wanne wakipanda mlima alfajiri wanapiga soga, nani atamsimamisha mmoja wao amuulize kama anaumwa?

Mama wa viazi hana hao watatu. Ana sisi, tunaokaa kwenye benchi hili kuanzia asubuhi, tukiangalia nani kapungua.

Na mimi jana nilicheka. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Ilomba, pale bajaji zinapopakia. Nitamwomba radhi, na akikubali, nitambebea kikapu tushuke naye kwa miguu hadi sokoni. Baridi itakuwepo, vaeni makoti. Nani anakuja?