Mchawi wa Kurasa Mia Saba

Hapa Kamanyola, mashariki mwa Kongo, tunangoja zamu. Kitabu ni kimoja, wangojaji ni wengi: riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o juu ya mchawi, iliyoanza kutoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004, ikafuata kwa Kiingereza 2006, kurasa zaidi ya 700. Wote wameshaisifu. Kuisoma ni kazi ya wenye haraka.

Mimi nangoja bila pupa. Najua mawaziri wa Aburĩria, nchi ya kubuni ya riwaya hiyo, walikwenda Ulaya kupasuliwa, mmoja apate macho makubwa, mwingine masikio makubwa, ili wamlinde Mtawala. Najua pia Mtawala anaomba mkopo wa benki ajenge mnara wa kufika mbinguni. Vizuri. Lakini Papa Ngũgĩ, hapa kwetu ungeonekana mwandishi wa habari.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walinyunyiziwa dawa ili risasi zigeuke maji. Mobutu, rais wa baadaye, akapigana nao hapa, na ndipo uchawi wenyewe ulipoanza: jina la mji wetu likapaa. Likawa divisheni ya jeshi iliyofunzwa na Wakorea Kaskazini, likawa meli ya rais kwenye mto Kongo, likawa uwanja wa mpira Kinshasa, mpaka 1997 uwanja ulipobatizwa upya. Jina lilisafiri kwa meli. Wenyewe tulibaki tukitafuta nafasi kwenye lori la Uvira.

Papa mwenye kitabu yuko ukurasa wa 12. Jana alituhutubia kuhusu mwisho wa riwaya.