Inavuta, Lakini Inasimama?

Kuresoi hakuna anayeuliza gari husimamaje. Ukinunua Probox leo, kesho wazee watakuja kuizunguka. Mmoja atapiga teke tairi, mwingine ataikalia nyuma apime springi, kisha litatoka swali moja tu: "Inavuta?" Wanataka kujua kama itatoka shambani na viazi siku ya mvua bila kuitiwa trekta. Ukisema inavuta, unapewa mkono wa pongezi na mazungumzo yanahamia bei ya mbolea. Habari ya kusimama ni siri yako na Mungu wako.

Si kosa la Probox. Ilipotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 2002, Wajapani waliipimia kilo 400 ikiwa na watu wawili, nami nawaona kabisa watu hao wawili, wamefunga tai, wanapeleka karatasi ofisini. Ikavuka bahari, ikapanda Molo, ikakutana na viazi aina ya shangi. Kanuni za serikali za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, ila mnunuzi aliyezisoma bado hajafika kwetu. Huku gunia ni lumbesa, lina kilemba cha nyavu juu, na uzani wake unajulikana na mgongo wa aliyelibeba. Pakia lumbesa kadhaa, ongeza abiria na kuku wao, kisha uelekee Nakuru. Molo iko yapata mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini ni kama 1,850. Mzigo wote huo na mteremko wote huo lazima vigeuzwe joto mahali fulani, na mahali penyewe ni pedi nne za mbele, ambazo zote zinaenea mkononi. Nyuma kuna dramu, zinazosaidia kama shemeji yangu anavyosaidia siku ya kuvuna: zipo.

Pedi zangu zilianza kulia mwezi wa mvua. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma, na pedi ikikaribia kuisha ulimi huo hugusa diski ili ipige kelele, mwenye gari asikie. Ni ubunifu mzuri sana kwa nchi ambako mwenye gari hana washauri. Mimi ninao. Wa kwanza alisema ni vumbi, nimwagie maji. Wa pili alisema nipake mafuta kidogo, na nikamwomba asikaribie gari langu tena. Wa tatu, kijana wa bodaboda, alishauri niongeze sauti ya redio. Kwa magari ninayoyasikia yakipita hapa, huyo ndiye mwenye wafuasi wengi.

Baadaye usukani nao ukaanza kutetemeka kila nilipokanyaga breki. Fundi akatoa gurudumu, akapitisha ukucha ukingoni mwa diski, akafumba macho.

"Mwalimu, diski zimepinda."

Mafundi wote husema zimepinda. Kwa kweli diski hupinda mara chache. Kwa kawaida huwa imeliwa, huku nene, huku nyembamba, au vumbi la pedi limeigandia kwa mafungu. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma aliyonayo mtu mwenye spana mkononi kwa mtu mwenye chaki, akasema sawa, basi zimeliwa kwa kupinda. Kiwandani huchonga kwenye diski unene wa mwisho unaoruhusiwa, ili fundi ajue kama inafaa kukwanguliwa kwenye mashine au ni ya kutupwa. Yangu ilisomeka neno la kuanzia, na baada ya hapo ni kutu tu.

"Peleka sampuli Nakuru," akaamua. "Maneno yanaweza kukudanganya. Sampuli haikudanganyi." Hivyo gari likabaki juu ya mawe, nami nikapanda matatu nimekumbatia diski ndani ya gunia. Utingo alitaka nilipe nauli ya mzigo. Mama aliyekaa kando yangu alichungulia guniani, akaniambia hicho kikaango kimeungua, nikikisugua kwa majivu kitarudi.

Nakuru, muuzaji hakuitazama sampuli. Alitaka namba ya chasi, kwa sababu Probox zinafanana kwa nje huku vyuma vyake vikitofautiana kwa mwaka na kwa injini. Namba iko kwenye kibati chini ya boneti, na boneti iko Kuresoi. Nikampigia mke wangu, akatoka kwenye ukungu na tochi ya simu, akanisomea herufi kwa herufi, katikati akawafukuza mbuzi, nami nikaandika mpaka na jina la mbuzi mmoja.

Kaunta ikajaa maboksi. Moja lilikuwa la rangi za kupendeza na jina la kampuni kubwa lililopungua herufi moja. Jingine halikuwa na jina kabisa, ambalo niliona ni uungwana zaidi. La tatu lilikuwa na pedi zilizotumika Japani. Mimi nimenunua injini iliyotumika Japani, viti, hata redio inayoongea Kijapani hadi leo, lakini pedi iliyotumika ni sabuni iliyotumika: unalipia kilichobaki.

Ubavuni mwa pedi nyingi huchapwa herufi mbili, na hizo ndizo za kusoma kuliko rangi za boksi. Ya kwanza inaeleza pedi inavyong'ang'ania ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni dhaifu, F ni wastani, G ni kali. Pedi ya FE inakushika vizuri sokoni Molo, halafu inalegea katikati ya mteremko, wakati unaihitaji. Nilimwonyesha muuzaji. Akasema hizo ni herufi za majina ya mwenye kiwanda.

Hapo ndipo shemeji akapiga simu kutoka Nairobi. Habari za diski zangu zilimfikia kabla diski zenyewe hazijafika Njoro.

"Shemeji, usichukue zile za wazee. Chukua zenye matundu. Na upake kalipa rangi nyekundu."

Matundu yale yalikuwa na kazi zamani kwenye magari ya mashindano, ambako pedi za enzi hizo zilitoa gesi zikichemka na gesi ikahitaji pa kutokea. Pedi za leo hazina gesi ya kutisha. Kwenye gari la barabarani kila tundu ni chuma kilichopungua cha kupokea joto, na ni mahali pa ufa kuanzia. Kwetu matundu yangejaa tope kufikia Jumanne. Na zile pedi za mashindano anazozisifu hutaka kupata joto kwanza ndipo ziume. Asubuhi ya Kuresoi, kondoo wakikatiza njia, nani atawaambia wasubiri?

Breki, tangu mwanzo, ni habari ya watu wa milima na mizigo. Herbert Frood, aliyeanza kutengeneza pedi za kuuza Uingereza mwaka 1897, husimuliwa kwamba alipata wazo kwa kuwatazama wenye mikokoteni ya farasi kwenye vilima vya Derbyshire wakifunga viatu vikuukuu kwenye magurudumu ili wasishuke kwa kasi. Wavuta mkokoteni wa kwetu wamefunga kipande cha tairi nyuma, wakifika mteremkoni wanainua mipini na tairi linaburura lami. Hao wanajua mzigo wao unasimamaje. Kuna madereva wa malori waliokuwa wakishuka Sachangwan na Salgaa kwa nyutro ili kuokoa dizeli, na barabara ile imezika watu wengi kwa hesabu hiyo.

Nikachukua diski za wazee, zisizo na tundu, na pedi za FF zenye chembe za chuma. Zile za seramiki hazina kelele wala hazichafui rimu, lakini rimu zangu sijaziona tangu Machi. Nikaongeza chupa ya mafuta ya breki ya DOT 4, imefungwa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishiba maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na yakichemka unakanyaga mvuke. Kwa ukungu wetu, yanashiba haraka. Fundi alikuwa na yake kwenye chupa ya soda, wazi, tangu mwaka ambao hakuutaja. Alinunia chupa yangu mpaka nilipomwambia kitakachobaki ni chake. Hapo ghafla gari likahitaji kidogo sana.

Pedi mpya na diski mpya lazima zizoeshwe. Unafika kama kilomita 60 kwa saa, unabana mpaka 10 bila kusimama, unaondoka tena, mara kama kumi, kisha unaendesha polepole zipoe. Nilichagua barabara ya kwenda Olenguruone, asubuhi, kweupe. Jambo moja limesahauliwa na wote waliowahi kuandika maelekezo hayo: huku Probox inayopunguza mwendo ni matatu. Kila nilipobana, watu waliokota mizigo wakanikimbilia; kila walipofika mlangoni, niliondoka. Mzee mmoja alinionyesha fimbo. Kwenye kituo kilichofuata habari zilikuwa zimeshanitangulia kwa bodaboda, na vijana walinisubiri pande zote mbili. Niliposhuka hadi 10, mlango wa nyuma ukafunguliwa, mtungi wa maziwa ukaingia, na mwenye mtungi akaingia mbele, akafunga mkanda.

"Mwalimu, nishushe Keringet," akasema, akijipangusa jasho. "Na uache kubanabana hivi. Maziwa yatafika yakiwa siagi."