Namna ya Kujisifu kwa Unyenyekevu Mkubwa

Ikiwa wewe ni mtoto wa Kiswahili uliyekulia Columbus au Minneapolis, una uraia wa Marekani, umefika mwaka wa tatu chuoni na unatamani kuutumikia umma, basi kuna hadi dola 30,000 za kukusomesha baada ya shahada ya kwanza. Ni ufadhili wa Truman, uliowekwa kwa sheria iliyotiwa saini Januari 1975 ili kumuenzi Rais Harry S. Truman. Fedha zipo. Kikwazo ni malezi yako.

Nyumbani ulifundishwa kwamba anayejisifu hana adabu. Sasa fomu inakutaka ueleze, kwa mfano hai, ulivyowaongoza watu. Dawa yake ni kujisifu kwa mgongo wa wenzako. Usiandike, "Niliongoza." Andika, "Wazee wa mtaa walinifundisha kusikiliza," kisha sentensi inayofuata utaje familia ngapi zilipata chakula. "Sisi" itumike kwa wingi, ilimradi msomaji asisahau ni nani aliyeshika kipaza sauti.

Hapo utagundua balaa jingine. Tangu utotoni umekuwa ukimpeleka bibi hospitali na kumtafsiria daktari, ukiwajazia majirani fomu za bima, ukibeba masufuria kwenye kila msiba wa jumuiya. Utumishi wa umma huo, tena wa miaka mingi, ila hauna cheo wala cheti, na aliyekutuma ni mama, kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya kujitolea. Ubatize upya. Wewe ni "mratibu wa huduma za lugha kwa wazee." Bibi akiulizwa atasema wewe ni mjukuu tu, kwa hiyo usimweke miongoni mwa watakaokuandikia barua za mapendekezo.

Fomu itauliza pia unatarajia kazi gani ukimaliza masomo, na utakuwa wapi miaka mitano hadi saba baadaye. Hujui utakula nini jioni. Jibu hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Epuka urais, umeshaombwa na wengi. Chagua kitu kikavu: maji taka, usafiri wa mabasi, kodi za nyumba. Ukavu huonekana kama uzito.

Fomu inataka pia waraka wa kupendekeza sera, na hapo vijana wengi hupotea kwa kumwandikia mkubwa kuliko wote. Unatakiwa umwelekee ofisa mwenye uwezo wa kutekeleza unachopendekeza. Muulize baba yako. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anajua kwamba mkurugenzi hutabasamu tu, mhuri uko kwa mwingine.

Halafu huombi mwenyewe, chuo ndicho kinachokuteua, na kwa kawaida hakiteui zaidi ya wanne. Kwa hiyo vita vya kwanza ni kati yako na rafiki zako wapenda umma. Pambaneni kwa upole.

Ukiitwa kwenye usaili, uwe na msimamo, wowote ule. Susan Rice na Stacey Abrams wa chama cha Democratic, na Jaji Neil Gorsuch wa mrengo wa kihafidhina, wote walipata ufadhili huu, na sidhani kama wangeafikiana hata juu ya chakula cha mchana. Jambo moja tu usilichokonoe mbele ya jopo: Truman mwenyewe hakuwa na shahada. Alilima, alifungua duka la nguo za kiume Kansas City mwaka 1919 likafa mwaka 1922, akasomea sheria usiku na kuacha njiani. Kwa fomu ya leo angeishia mlangoni, kwa kukosa chuo cha kumteua.

Ukishinda, soma mkataba kabla ya kupika pilau. Katika miaka saba baada ya kumaliza masomo unayofadhiliwa, mitatu lazima uitumie kwa umma: serikalini, jeshini, shuleni au kwenye shirika lisilo la faida. Ukikwepa, utarudisha fedha zao na riba juu. Minne iliyobaki kampuni za mawakili zinaweza kukuazima. Usijidanganye kuhusu ukubwa wa fungu lenyewe pia, maana halitoshi ada ya mwaka mmoja katika vyuo maarufu vya sheria.

Hilo mweleze mapema mama mdogo wa Tanga, atakayepiga simu jioni ile ile. Atakupongeza, atakuombea dua, kisha atauliza kama umma utakaoutumikia unahusisha na paa lake. Mwambie hela zote ni za masomo. Hatakuamini.