Barua ya Wazi kwa Mfalme wa Vibeti Kuhusu Gongo la Urist

Kwa Mtukufu Mfalme wa Vibeti,
Makao ya Asili, Mlimani.

Baada ya salamu na taadhima, na baada ya kukuombea afya, umri mrefu na pipa la pombe lisilokauka, mimi msimamizi wa ngome yako ya mpakani, nisiyeonekana wala kushukuriwa, nathubutu kukuletea shauri la silaha. Nalileta hadharani kwa kuwa mjumbe wako, ambaye hufika na msafara wa biashara kila vuli, hunieleza bei ya jibini na ya ngozi kwa ufasaha mkubwa, kisha huaga kabla sijapata nafasi ya kulitamka neno upanga.

Na kwa kuwa barua ya wazi husomwa na wengi kabla ya kumfikia mwenyewe, yanipasa kuwaarifu hao wengi kwamba dola yako imo ndani ya Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta ambao ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, waliutoa kwa umma mwaka 2006, na ambao jumba la Museum of Modern Art la New York liliutia katika hazina yake mwaka 2012, wakati ambapo milima yako, raia wako na adui zako, na wewe mwenyewe pia, Mtukufu, mlikuwa herufi na alama za taipu tu juu ya kioo cheusi. Mfalme aliyeketi makumbushoni angali herufi hana budi kusikiliza maneno.

Kiangazi kilichopita mazimwi walitujia langoni. Ghalani mlikuwa na mapanga kumi na mawili ya feleji na nyundo sita za fedha, zote zimefutwa vumbi na kupangwa kwa adabu kama vyombo vya bibi harusi. Mbiu ilipolia, wa kwanza kutoka alikuwa Urist, jina ambalo katika lugha yenu maana yake ni jambia. Naye Jambia huyu hakuwa na jambia, hakuwa na upanga, wala hakuwa na kisu cha kumenyea kiazi, bali alikuwa na gongo la mti alilokabidhiwa na tabibu baada ya mguu wake wa kushoto kuharibika. Nasema gongo la kuegemea kwapani, si lile la kunywa, ingawa na hilo vibeti hawajapata kulikataa.

Taarifa ya mapigano, ambayo katika dola yako huandikwa kwa uangalifu wa karani wa kadhi, ninayo mpaka leo. Pigo la kwanza lilichubua ngozi ya mkono wa zimwi. La pili likaifikia shahamu. La tatu likavilisha damu msulini. La nne likaangukia ngozi tena, pahali pengine. Zimwi alizimia kwa maumivu, akazinduka, akatazama ni nini kinachompiga, akazimia tena. Urist hakupumzika. Vijana wa kikosi walikusanyika wakatazama, mbuzi wawili wakapita katikati ya vita kwenda malishoni, na jua lilikuwa limekwisha kusogea sana pale mfupa wa kichwa ulipokubali hatimaye kupasuka.

Usidhani, Mtukufu, kwamba huyo ni mmoja peke yake. Yuko askari aliyekwenda vitani na upanga wa mti wa mazoezi, kwa sababu hati ya sare yake iliandikwa upanga bila kutaja madini, naye ni mtii wa hati. Wako wapiga mishale ambao mishale yao ikiisha hawarudi ghalani kutafuta mingine, bali hushuka ukutani na kuwatwanga adui kwa mpini wa upinde. Na yuko mchimbaji wa mawe aliyekuja na sururu yake. Huyo simlaumu, kwani sururu mkononi mwa mchimbaji mzoefu ni balaa, na laiti ningekuwa na ishirini wa namna yake nisingekuandikia.

Linaloniudhi ni kwamba hakuna dola ijuayo madini kuliko yako. Kwenu imeandikwa kwamba mita moja ya ujazo ya feleji ina uzito wa kilo 7,850, na ya fedha kilo 10,490, na kwa sababu hiyo mhunzi yeyote mwenye akili hufua nyundo za vita kwa fedha. Imeandikwa pia kwamba adamantini, madini mliyoyafuata chini kabisa ya ardhi mpaka mkayaamsha mashetani, ina kilo 200 tu: kwa upanga haina mfano, lakini nyundo yake ni sawa na kumpiga mtu kwa mto wa kulalia. Elimu yote hii ipo, na Urist ameshika gongo.

Tena yuko ofisa mmoja ambaye sijamwona hata siku moja akikosea silaha, naye ni Mpiga Nyundo wako, anayewahesabia raia mapigo pindi bwana mkubwa wa ngome anapoagiza hirizi tatu na hirizi zisipatikane. Huyo nyundo yake haipotei. Kwa hiyo naomba, kwa heshima ya cheo chake, avuliwe nyundo ya kawaida na kutunukiwa ya adamantini, madini ya thamani kuliko yote, ili raia waone jinsi anavyoenziwa, na mbavu zao zione pia. Nayo aliyokuwa akiitumia ashushiwe Urist.

Ikiwa hilo ni zito, basi ninalo ombi dogo. Ada yenu ni kwamba askari aliyeizoea silaha yake kwa miaka na kuua nayo huipa jina, likaingia katika tarehe ya dola. Naomba gongo lile nalo lipewe jina, lolote litakalokupendeza, ila lisiwe Jambia.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa Ngome

Tanbihi: Nilipokuwa nikitia muhuri, bwana mkubwa ameagiza hirizi tatu. Urist ameondolewa lindoni akazichonge.