Namna ya Kuishi na Mwanafunzi Bila Kujigeuza Baraza la Mitihani

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza mwanafunzi bora na shule bora kitaifa. Sebuleni kwetu, baba, mama na shangazi bado tunatangaza, tena kwa sauti. Mtoto hajavua viatu: "Umekuwa wa ngapi?" Akitaja namba, rufaa hairuhusiwi: "Aliyekuwa wa kwanza ana vichwa viwili?"

Hatua ya kwanza, basi, ni kujiuzulu uenyekiti wa baraza hilo. Maendeleo ya mtoto yafuatilie, ripoti isome, mwalimu wake umjue kwa jina na umpigie simu kabla mambo hayajaharibika. Ila namba isiwe salamu. Muulize nani kamchekesha leo, somo gani limempita pembeni, nani amekaa naye wakati wa chai. Na ile divisheni wani ya pointi 7 ya mtoto wa jirani mwachie jirani.

Hatua ya pili ni hesabu, nawe mpenda hesabu uifanye mwenyewe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 mpaka 10. Ukimwamsha saa 10 alfajiri kwa sababu basi la shule linaanza kuzunguka mitaa, huyo mdogo alipaswa kuwa amelala saa 1 usiku. Saa 1 usiku ndiyo kwanza anatoka tuisheni! Kisha unashangaa anasinzia darasani, unamwongezea tuisheni ya Jumamosi. Punguza tuisheni. Ukiweza, tafuta shule ya karibu, hata kama sare yake haipendezi kwenye picha. Na kijana anayechelewa kupata usingizi usimwite mvivu, maana katika balehe saa ya mwili husogea mbele yenyewe. Simu zote, pamoja na yako, zilale sebuleni.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Kijana wa kidato cha pili ukimkalisha kwenye kochi na kumwambia "leo tuongee", atakujibu "sawa", "hamna", "sijui", kisha ataomba kwenda kulala. Mpe mchele achambue, au mmenye viazi pamoja, macho yenu yote yakiwa kwenye sinia. Hapo ndipo maneno hutoka, tena bila kuitwa. Na yakitoka, mzazi, mdomo ufunge.

Nasema hivyo kwa sababu ipo siku binti atakuambia kwamba kaka mmoja wa bodaboda humbeba bure na kumnunulia chipsi. Damu itakuchemka. Ukianza kufoka, umejifungia mlango mwenyewe, na safari ijayo utasikia habari kwa majirani. Mshukuru kwanza kwa kukuambia. Uliza taratibu: tangu lini, wapi, anasema nini? Kisha tafuta nauli, panga nani atamsindikiza, mshirikishe mwalimu mnayemwamini. Sheria yetu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini sheria hiyo hufika mimba ikiwa imeshaingia. Habari ya mapema anayo binti peke yake, na atampa mtu asiyemtisha. Mtoto wa kiume naye ana ya kwake: anayemnyang'anya hela ya nauli, kundi linalomvuta kuvuta bangi. Huyo tunamwambia "wewe mwanaume, kaza", tukidhani tumemlea.

Matokeo ya kidato cha nne yatatoka Januari kama kawaida, uulize usiulize. Mzazi mwenzangu, jioni ya leo mwache avue viatu, ale, kisha umwombe akusaidie kuchambua mchele.