Sifa za Lumbesa

Wamesifiwa wafalme, wamesifiwa wanawali, hata ngamia katungiwa mashairi. Lumbesa, lile gunia lililojazwa likapita mdomo wake kisha likashonewa kilemba juu, haijapata hata ubeti mmoja. Hapa Mwankoko, ndani ya Manispaa ya Singida, mkoa ambao kitunguu na alizeti ndivyo ada ya shule na bati la nyumba, nimeona dhuluma hiyo ikome.

Tuanze na ujasiri wake. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, haujachoka kuisaka lumbesa. Nayo bado inapita barabara kuu mchana kweupe, juu ya lori, kifua mbele. Si kila mheshimiwa anaweza kusakwa miaka yote hiyo asibadili hata mavazi.

Elimu yake nayo si haba. Mwaka 1890 mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliwaeleza wasomi jinsi mahitaji na ugavi vinavyokutana mahali pamoja, na hapo bei ikatulia. Anayenunua chini ya kile alichokuwa tayari kulipa hubaki na ziada. Anayeuza juu ya kile ambacho angekubali naye hubaki na yake. Wanafunzi hukesha na michoro hiyo. Lumbesa huifundisha shambani, kwa kamba na sindano.

Malori ya Wakenya yakijaa soko la vitunguu la Misuna, au Ramadhani ikikaribia na kila sufuria ya pwani inadai kitunguu, mahitaji hupanda. Siku hizo kilemba hunywea, dalali huongea kama mtu aliyekuja kuposa, na bei hupanda hadharani.

Malori yakigeuka, ndipo uungwana wa lumbesa hudhihiri. Mwingine angemwambia mama wa watu kwamba bei imeanguka. Lumbesa haina roho hiyo. Dalali husema tu, "Mama yangu, elfu sitini ile ile. Ila hili halijajaa, ongeza kidogo." Tuseme gunia lilikuwa na kilo 100: kila kilo ilikuwa shilingi 600. Likifikishwa kilo 120, kilo imekuwa shilingi 500. Bei imeshuka kwa sehemu moja ya sita, na hakuna aliyetamka neno baya.

Mama huongeza, kwani afanyeje? Kitunguu kimeshang'olewa, ghala hana, na kuoza hakungoji. Wiki hiyo hawezi kupunguza ugavi, kwa hiyo anguko lote la mahitaji humshukia kwenye bei, na ziada yake ndiyo inayoliwa. Msimu ujao atalima eneo dogo zaidi. Hapo kiasi kinachoingia sokoni nacho kitapungua, na bei itatafuta makao mapya.

Tena haina ubaguzi. Kuli anayelipwa kwa gunia hubeba kilo 20 za sadaka. Hata serikali imefikiwa: mwaka 2017 ilipofuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, magunia kumi yalitakiwa kuwa tani moja. Kumi ya lumbesa ni tani moja na kilo 200, na kwa anayehesabu kwa macho bado ni kumi. Na mlaji wa Dar es Salaam? Yeye hununua kwa kilo au kwa fungu. Zile kilo 20 zimeshapata wenyewe njiani.

Wapo wanaoisingizia kwamba ndiyo huua bei. Namwita alizeti atoe ushahidi. Bajeti ya 2022/23 ilipolegeza ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje, mafuta hayo yakawa nafuu, mahitaji ya mbegu za hapa yakapungua, na msimu wa 2023 wakulima wa Singida wakalia bei. Lumbesa haikuwepo kwenye kikao cha bajeti. Wanunuzi wakikimbia bei itashuka tu, kwa gunia au kwa mizani, maana mizani haizai mnunuzi.

Ubaya wa mizani ni umbea. Itasema shilingi 500 mbele ya watu, na mama akishasikia ataanza utovu wa adabu: atapiga simu Dodoma kuulizia bei, ataita jirani wauze pamoja, na akiwa na ghala la kukaushia atathubutu kusema, "Leo siuzi." Kwa hiyo nawasihi wakubwa, kwa heshima ya lumbesa, wasilete mizani Mwankoko. Na wakiileta, basi ghala lisifuatie.