Watatu kwa Pedi Moja: Mwongozo kwa Mgeni wa Basotu

Umekuja Basotu kwa shughuli zako, ngano au ng'ombe au perege wa ziwani, na gari la kurudi Katesh limekuacha. Jioni ni ndefu. Nyuma ya maduka unasikia kelele kama watu wamekamata mwizi. Ni banda la gemu. Ndani kuna runinga moja, mabenchi mawili, pedi mbili na watu ishirini na ushei, na leo Tekken, gemu ya mapigano, inachezwa kwa timu, watatu kwa watatu. Timu moja imepungukiwa mtu. Kijana wa mlangoni atakupima kwa macho, halafu atauliza, "Kaka, unacheza?" Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu utajibu ndiyo.

Ingia kwa adabu. Salimia benchi zima, ukianza na mwenye pedi mkononi, hata kama ana miaka kumi na miwili. Humu ukubwa haupimwi kwa ndevu. Toa jero ya kiingilio kabla hujaombwa. Ukitoa buku, usidai chenji, maana chenji imeshageuka kiingilio cha mwenzako ambaye bado hujamfahamu. Zawadi nayo usiiulizie. Ipo. Ni soda tatu, na wewe ndiye utakayetumwa dukani kuwachukulia walioshinda.

Sasa uliza utaratibu. Uliza kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Leo tunacheza upi?" Utajibiwa, "Ule wa kawaida." Usirudie swali. Ule wa kawaida hakuna anayeujua, na hubadilika katikati ya mechi kwa faida ya aliyekaa karibu na swichi. Zinazofahamika ni njia tatu. Jifunze hapo hapo mlangoni, viatu vikiwa bado miguuni.

Ya kwanza ni mshindi anabaki. Wa kwanza wenu anakutana na wa kwanza wao. Aliyefungwa anapisha, aliyefunga anaendelea kukaa mpaka apatikane wa kumtoa, na timu iliyoishiwa watu ndiyo imekufa. Kwa watatu kwa watatu, mechi haziwezi kupungua tatu wala kuzidi tano. Wajapani wanapigana hivi kwenye judo na kendo, na wana neno lake, kachinuki. Mwaka 1994 kampuni ya SNK ikautia utaratibu huo ndani ya mchezo wenyewe, The King of Fighters: unachagua timu ya wapiganaji watatu, unawapanga foleni, na anayeshinda anarudishiwa damu kidogo tu kabla ya kukutana na anayefuata. Uzuri wake ni kwamba mtu mmoja hodari anaweza kuwafyeka wapinzani wote watatu huku wenzake wawili wanakula karanga, na wote watatu wakaitwa mabingwa. Usijipangie kuwa mmoja wa wala karanga. Nafasi hizo zina wenyewe.

Ya pili ni pointi. Wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili, wa tatu kwa wa tatu. Wenye mbili wamechukua. Ni njia ya haki, ndiyo maana haipendwi. Timu ikishinda mbili za mwanzo, ya tatu inabaki ya kujaza muda, watu wakiwa wameshaanza kutafuta kandambili zao. Hiyo ndiyo watakayokupa wewe. Utafungwa hiyo pia.

Ya tatu ni kubadilishana, iliyoenezwa na Tekken Tag Tournament ya Namco, mwaka 1999. Kila upande una wapiganaji wawili. Mmoja akichakaa anatoka, mwenzake anaingia, na aliyetoka anajirudishia damu kidogo akiwa nje. Lakini mmoja akizimia, raundi imekwisha, hata kama mwenzake ni mzima kama fahali wa masika. Hapa watu hugawana hao wawili: mimi Paul, wewe Law, na pedi inarushwa mkono kwa mkono. Ukirushiwa, tazama kwanza kijistari cha damu ndipo umshukuru aliyekupa. Watu hawaachii pedi wakiwa na afya.

Umeelewa? Vizuri. Sahau yote, tuje kwenye mpangilio wa watu, maana siasa yote iko hapo.

Kwa nadharia, nahodha anapima. Aanze na mkali ili awatishe wapinzani, au amfiche mpaka mwisho aje kufuta madeni? Wajapani humwita yule wa mwisho taisho, yaani jemadari. Tougeki, mashindano makubwa ya kwao yaliyoanza mwaka 2003 na kufikia tamati mwaka 2012, yalikuwa na michezo mingi ya timu, na kupanga nani atangulie kulikuwa ufundi wa kuwakosesha watu usingizi. Kwa mshindi anabaki, banda letu halina shida hiyo. Wa mwisho ni mdogo wake mwenye banda. Wa katikati ni aliyewalipia wenzake kiingilio. Wa kwanza ni mgeni.

Usichukie. Wahenga walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali methali hiyo inapotekelezwa kwa uaminifu kama hapa. Wewe unapigwa, wenyeji wawili nyuma yako wanaangalia mpinzani anapenda teke gani, anazuia juu au chini, anakurupuka lini. Kufungwa kwako ni upelelezi. Kwa hiyo fungwa polepole. Ukilala ndani ya sekunde kumi umewanyima elimu, na hilo watalisema.

Kikao cha kupanga haya yote kitafanyika mbele yako, lakini hutaambulia kitu. Mashamba makubwa ya ngano, yaliyopanuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalileta hapa matrekta, kombaini na watu wa kila upande, wakawakuta Wabarabaig na ng'ombe wao, na historia hiyo haikwenda kwa upole hata kidogo. Siku hizi benchi moja la gemu linaweza kubeba Mbarabaig, Mwiraqw na Mnyaturu, wakielewana vizuri kabisa kwa Kiswahili mpaka linapofika suala la kukujadili wewe. Hapo kila mmoja anakumbuka lugha ya mama yake. Ukiomba tafsiri utaambiwa, "Tumesema uko vizuri." Itikia kwa kichwa. Kile kidole kilichokuwa kinakuonyesha hakikuwa kinasema hivyo.

Sasa pedi. Ziko mbili na hazifanani. Moja ni nyeusi, nzito, alama za vitufe zinasomeka. Ya pili ilikuwa nyeupe zamani. Pembetatu imefutika, ikabaki shimo laini la kidole gumba. Kijiti cha kushoto kimevalishwa pete ya mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Waya umefungwa gundi ya umeme mahali panya alipoonja. Na ukibonyeza mraba, lazima ubonyeze kama unayebisha hodi kwa mtu aliyelala. Mwenye banda atakuambia zote sawa. Atakuambia huku mkono wake umeshika ile nyeusi. Pokea nyeupe kwa mikono miwili, sema asante, na usiitaje tena mpaka umefungwa. Hata wakati huo usiitaje, kwa sababu mtoto wa darasa la nne ataichukua mkononi mwako na kushinda mechi mbili nayo.

Mpiganaji chagua haraka. Eddy Gordo, yule mcheza kapoeira wa Brazili aliyeingia na Tekken 3 mwaka 1997, atakuvutia, kwa sababu hata ukibofyabofya vitufe vya mateke bila kutazama, atazunguka kama feni na utaonekana fundi. Banda zima linalijua hilo tangu kabla hujazaliwa. Kumchagua Eddy si kosa, ni tabia, na utaelezwa hivyo. Mchague tu, vinginevyo hutapata hata raundi moja.

Mkikaa, usimdharau aliye upande wa pili. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kwa jina la Arslan Ash, alikwenda kwenye mashindano ya EVO Japani akachukua ubingwa wa Tekken 7, kisha mwaka huo huo akachukua na EVO ya Las Vegas, na wakubwa wa Korea na Japani wakabaki wanaulizana huko Lahore watu wanakula nini. Kila mji una Arslan wake. Wa Basotu anachunga mbuzi mpaka saa kumi jioni. Saa hiyo ndiyo umekaa wewe.

Mechi ikianza utapata makocha. Ni wengi kuliko meno yako, na wote wanazungumza kwa pamoja: kaa chini, ruka, mshike, usimshike, rudi, unarudi wapi! Nusu yao ni wa timu pinzani. Tii mmoja tu. Ukishinda raundi, ni yeye aliyeshinda, ukifungwa, hukumsikiliza. Na umeme ukikatika, tulia gizani bila kuachia pedi. Sheria inasema mechi irudiwe mwanzo, na sheria hiyo huheshimiwa kila mara isipokuwa pale mdogo wake mwenye banda alipokuwa anaongoza. Wakati huo matokeo hutolewa kwa kumbukumbu. Yako haitahesabiwa.

Huenda unajiuliza timu ni kitu gani basi, kama unapigwa peke yako. Wapo wanaolipwa kwa kazi hii. Sylvia Gathoni wa Kenya, Queen Arrow mwenyewe, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya Tekken. Timu ya namna hiyo ni shati lenye nembo na mtu wa kukusaidia nauli. Jukwaani unapanda mwenyewe, ukipigwa ni wewe. Kwetu mambo yamegeuzwa. Shati ni lako, nauli ni yako, jero ni yako, ila kipigo kina wenyewe watatu, na wawili kati yao wanashikilia kwamba sehemu yao ilikuwa ndogo.

Ndiyo maana kuna hatua ya baada ya kufungwa, ambayo wengi huikosea. Usisimame haraka. Kaa sekunde tano ukitazama runinga, kama mtu anayesoma kitu. Kabidhi pedi kwa anayefuata kwa mkono wa kulia na useme, "Anapenda teke la chini." Hata kama hukuona teke lolote, sema. Ukishasema hivyo umeacha kuwa mfungwa, umekuwa mshauri, na unaweza kujiunga na wale wanaopiga kelele. Usizidishe, maana wa pili wenu naye atafungwa, na atakumbuka nani alimwambia azuie chini wakati anapigwa kichwani.

Mdogo wake mwenye banda ataingia wa mwisho akiwa na pedi nyeusi. Atashinda mmoja. Atashinda wawili, banda litatikisika, utamkumbatia mtu usiyemjua jina. Kisha ataingia yule mchunga mbuzi.

Ukitoka nenda taratibu. Umetumwa soda, zipeleke kwanza. Kisha kuna njia mbili za kurudi ulikofikia. Ya sokoni ni fupi, lakini habari imeshatangulia, na mama wa maandazi atakuuliza kwa upole kama ni wewe yule wa Eddy. Pita ya ziwani. Ni ndefu, ina vumbi, na gizani utamkuta wa pili wenu amekaa kwenye jiwe. Msalimie, upite.